Aliyebaki Alhamisi

Darasa tupu lina harufu yake. Likijaa watoto hunuka mafuta ya nazi ya nywele, jasho la shingoni, madaftari mapya, na achari ya embe iliyofungwa kwenye nailoni na kufichwa mfukoni mpaka mapumziko. Watoto wakishatoka, harufu zote hizo huwafuata nje kama kuku wanavyomfuata mwenye pumba, na kinachobaki ni chaki, mbao za madawati, na vumbi lililonyunyiziwa maji asubuhi kabla ya kufagiwa. Mimi harufu hiyo nilichelewa kuijua. Nilikuwa mtoto wa kutoka mbio, mkoba umeshavaliwa begani kabla kengele haijamaliza kulia, na laiti isingekuwa homa iliyonilaza wiki nzima nilipokuwa darasa la nne, huenda ningemaliza shule bila kuwahi kuinusa.

Shule yetu ilikuwa pembeni mwa Ngamiani, mahali ambapo nyumba zenye baraza zinaanza kuachiana nafasi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mwarobainini, na ubao wetu tulikuwa tukiupaka weusi wenyewe kila muhula, kwa makaa ya betri kuukuu tuliyoyaponda pamoja na majani, tukarudi nyumbani mikono imekuwa ya wachoma mkaa. Tulikuwa wengi. Dawati la watu watatu lilikaliwa na wanne, na ukitaka kuandika vizuri ilikubidi umwombe mwenzako avute kiwiko. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, aliponiona nikiandika nimejikunja hata nyumbani, sakafuni, peke yangu, uani kote kumepwaya, alicheka akasema shule imenifundisha kukaa kama dagaa.

Kila siku ya wiki ilikuwa na tabia yake, nasi tuliijua kama tunavyojua tabia za majirani. Jumatatu ilikuwa siku ya kukaguliwa: mwalimu wa zamu alipita katikati ya mistari akitazama kucha, kola na masikio, na wasichana ambao Jumamosi yao walikuwa harusini walikunja vidole kuficha hina, kana kwamba hina ni kitu cha kufichika Tanga. Jumanne ilikuwa imla. Jumatano tulikuja na vidumu vya maji na mafagio ya chelewa, tukafagia uwanja mpaka ukawa na mistari, na ole wake aliyepita juu ya mistari hiyo kabla mwalimu hajaiona. Ijumaa tulifanya jaribio la wiki mapema, kisha tukaachiwa watu wakawahi msikitini. Lakini siku iliyokuwa siku kwelikweli ni Alhamisi.

Asiyekulia pwani huenda asielewe. Siku nyingine zote, wengi wetu tukitoka shule tulikula chakula cha mchana kwa pupa, tukabadilisha sare, wasichana tukajitanda mitandio, tukaenda chuoni kusoma Kurani mpaka jua linapolegea. Ukitoka huko kuna maji ya kuchota na mdogo wako wa kubeba, na magharibi ndiyo hiyo. Alhamisi mchana chuo kilifungwa. Ilikuwa alasiri ya pekee katika wiki nzima isiyokuwa na mwenyewe, nasi tuliichukua ikawa yetu. Tulicheza kombolela, rede na kuruka kamba. Wavulana walikwenda ufukweni na kurudi na chumvi kwenye nyusi wakiapa kwamba hawakwenda. Hata wenzetu wachache Wakristo, watoto wa watu walioshuka kutoka milimani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kisha wakahamia mjini, ambao chuo hakikuwahusu, waliipenda Alhamisi kuliko Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku waliyopata watu wa kucheza nao.

Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Mhina, alilijua hilo vizuri. Alikuwa mwanamke mnene, Mlutheri, mwenye nyumba yake Muheza, mwenye viatu ambavyo tulivisikia kabla hatujamwona, na aliamini kwamba mtoto hufanya kazi kwa kile anachokipenda. Basi alitubunia sheria, nayo tukaiita kutoka kwa jedwali. Kipindi cha mwisho cha Alhamisi tulikusanya vitu vyetu, tukasimama, naye akasimama mlangoni na rula ndefu ya ubaoni. Akikunyooshea rula anakuuliza, sita mara saba? Ukijibu papo hapo, umetoka, Alhamisi ni yako. Ukisitasita, unakaa, unasubiri zamu izunguke tena. Darasa lilipungua hivyo, dawati kwa dawati, mpaka wakabaki wale ambao jedwali halikuwapanda. Hao alibaki nao. Aliwapa vitabu wasome kimya, akakaa mezani kusahihisha madaftari yetu, mpaka madarasa makubwa yalipogongewa kengele ya kutoka, ndipo na yeye akawaachia na kwenda kituoni kupanda basi lake.

Kubaki ilikuwa aibu. Sisi tuliotoka mapema tulijipanga karibu na lango tukaimba kwa nguvu, “Kabaki! Kabaki! Kabaki na mwalimu!” na wimbo huo ulikuwa na makofi yake na hata mikogo yake. Mwalimu hakutukataza. Nadhani aliuona kuwa sehemu ya dawa.

Na mtu ambaye wimbo ule ulimhusu kuliko wote alikuwa Saumu, jirani yangu wa dawatini na wa mtaani. Wengine walibaki leo, wiki ijayo wakajitutumua wakatoka. Saumu alibaki kila Alhamisi. Akiulizwa tatu mara nne, aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake, akanyamaza. Hakuwa mtoto wa kulia wala wa kununa. Alikaa tu chini, akapakata mkoba wake, kama mgeni aliyeambiwa asubiri chakula kinaiva. Kwenye jaribio la Ijumaa alipata vizuri, pengine kunizidi, lakini Mwalimu Mhina hakuyaamini maandishi ya darasa lililobanana vile. Alizoea kusema kwamba karatasi huangaliziwa, mdomo hauangaliziwi. Kwa hiyo, muhula wa mwisho ulipoanza, alitutangazia kwamba atakayefika mwisho wa mwaka hajui kulitaja jedwali kwa mdomo, darasa la tano atalisikia kwa wenzake. Atarudia la nne. Alisema akimtazama Saumu, nasi sote tukageuka kumtazama, naye akatazama vidole vya miguu.

Iliniuma. Nasema wazi kuwa iliniuma kwa ajili yangu kwanza, maana mtoto ni mchoyo. Tulianza pamoja darasa la kwanza, tukienda tumeshikana mikono na nyuma yetu Bibi akitusindikiza mpaka barabarani. Sikuweza kufikiria dawati lisilokuwa na Saumu upande wangu wa kushoto, akinivutia kiwiko kabla sijaomba. Nilianza kumfundisha njiani. Nilimwimbia jedwali la saba mpaka wauza mihogo wakalijua, naye alinisikiliza kwa adabu, asinijibu kitu. Nikamwona mzito. Nikamhurumia, na huruma ya mtoto wa miaka ile ina kiburi ndani yake.

Kisha ikanishika homa. Nililala wiki nzima nikinywa dawa chungu na uji wa mchele, na niliporudi shuleni kichwa kilikuwa chepesi kama kifuu. Ikafika Alhamisi. Rula ikaninyookea, nikaulizwa nane mara tisa, na mimi, Zuhura, mjuzi wa njiani, sikuona kitu kichwani ila ukungu. Zamu ikazunguka, nikaulizwa nyingine, nikakosa. Mara nikajikuta nimekaa kwenye dawati lisilo na mtu mwingine isipokuwa Saumu, na huko nje, karibu na lango, wenzangu wanaimba wimbo ambao mimi ndiye niliyeutia makofi.

Ndipo nikainusa ile harufu. Darasa lilikuwa pana kumbe! Upepo uliingia kwenye matofali ya matundu upande wa baharini ukatokea upande wa pili bila kugusana na mtu. Kalamu nyekundu ya mwalimu ilisikika ikikwaruza. Waliobaki na sisi walikuwa wavulana wawili, wote wamelaza vichwa juu ya mikono wakiomboleza Alhamisi yao, nami nilikuwa tayari kuwaunga mkono. Lakini Saumu alikuwa amekwisha kunyanyuka. Alikwenda kabatini bila kuambiwa, akachukua kitabu cha Kiswahili, akarudi, akakiweka mbele yake katikati kabisa ya dawati. Akakilaza, akaipitisha mikono juu ya kurasa zote mbili kama mtu anayetandika shuka, akaanza kusoma.

Ni lazima nieleze jinsi tulivyosoma siku nyingine. Kitabu kimoja kiligawiwa madawati mawili, na kwa kuwa mimi nilikuwa na sauti, kiliwekwa mbele yangu. Mimi nilisoma, wengine walichungulia. Saumu alikaa mwisho kushoto, na kutoka pale aliona ukurasa wa kushoto tu, tena kwa mshazari. Wa kulia ulikuwa umefunikwa na bega langu. Nilipomaliza nilifunua, naye alikuwa bado. Kwa mwaka mzima alikuwa amesoma hadithi za upande mmoja. Alijua sungura ameingia kisimani, hakujua alitokaje. Alhamisi ndiyo siku aliyoupata upande wa pili.

Nilimtazama mpaka nikachoka. Midomo yake ilikuwa inacheza, mara anatabasamu, mara anarudi nyuma ukurasa mmoja kuhakikisha jambo. Nyumbani kwao, ambako nilikuwa naingia na kutoka bila hodi, hakukuwa na mahali pa kukaa hivyo. Ilikuwa nyumba ya vyumba vya kupanga, ua mmoja kwa watu wote, na penye wengi pana mengi: redio za aina mbili, mabishano ya zamu ya kufagia, watoto wachanga, na mama yake Saumu akikaanga bajia barazani na kuita kila baada ya muda, “We Saumu! Lete maji! Saumu, mshike mwenzio!” Hakuwa mama mbaya. Alikuwa na mikono miwili tu.

Tulipoachiwa nikamuuliza njiani, “Saumu, saba mara nane?”

“Hamsini na sita.”

“Kumi na mbili mara tisa?”

“Mia moja na nane. Zuhura, mbona waniuliza kama mwalimu?”

Nilisimama katikati ya njia, baiskeli ikanipigia kengele. “Wajua! Kwa nini husemi?”

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini ananywa maji. “Nikisema si nitatoka? Nikitoka nani atanipa kitabu?” Na nilipomkumbusha habari ya kurudia darasa, akasema kwamba hilo amekwisha kulifikiria, Alhamisi ya mwisho ya mwaka atajibu yote, atapita, na hapo atakuwa amekimaliza kitabu. Alisema kwa utulivu wa mtu aliyepanga safari yake akajua na basi atakalopanda. Nikaapa kutomwambia mtu.

Lakini wanadamu hupanga na walimu nao hupanga. Mwalimu Mhina hakutaka kungoja Alhamisi ya mwisho. Jumanne iliyofuata, saa ya mapumziko, mama yake Saumu alikuja kaitwa. Mimi na Saumu tulikuwa tumebakizwa kufuta ubao, kwa hiyo tulikuwapo alipotokea mlangoni kajifunga kanga mbili, unga wa dengu haujamtoka vizuri kwenye mikono, na uso wa mtu aliyeacha karai jikoni.

“Karibu mama. Nisamehe kukusumbua,” alisema Mwalimu Mhina. “Nimeona ni vizuri ulisikie kwangu kabla halijafika kwa mwalimu mkuu. Mtoto ana adabu, lakini jedwali halimwingii. Mwakani naona nibaki naye hapa hapa la nne.”

Mama yake Saumu alimtazama bintiye, kisha akamtazama mwalimu. “Mwalimu, mie sikusoma, sitabishana nawe. Ila hilo la kubaki mbona mwaka mzima wabaki naye? Kila Alhamisi mtoto aniambia mwalimu kaniweka. Mie nikajua una kazi zako wamtuma, nikasema haya, mwalimu naye mzazi. Nami huku nachota maji mwenyewe.”

“Nimemweka mimi?” Mwalimu Mhina aliweka kalamu chini. “Mama, mimi namngoja aondoke!”

Wakatazamana, watu wazima wawili ambao kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya kubaki kwa mtoto, na yote mawili hayakuwa ya kweli. Saumu aliinamisha kichwa. Kwa malezi yetu asingeweza kusema neno hapo. Angesema nini ambalo lisingemfanya mmojawapo aonekane mjinga mbele ya mwenzie? Nilimwona anavyobana midomo, nikauona mwaka mzima ujao, mimi la tano, yeye la nne, ukuta katikati yetu. Kiapo kikanitoka kama chafya. “Mwalimu, ajua yote! Hataki tu kutoka. Akijibu atakosa kitabu!”

Mwalimu Mhina alimuuliza Saumu kama ni kweli, na Saumu akaendelea kutazama vidole vya miguu yake, lakini machozi yakaanza kudondoka juu ya vidole hivyo hivyo. Mama yake akajifunga kanga upya kwa nguvu. “Kumbe!” akasema. “Kumbe wakimbia maji, wewe! Mwalimu, Alhamisi naja kumchukua mwenyewe. Ajibu asijibu, naondoka naye.” Akaaga kwa heshima, akaondoka akisema peke yake mpaka langoni. Saumu hakunilaumu. Alichukua kipande chake cha gunia akaendelea kufuta ubao, mahali ambapo palikwisha kufutika. Mimi nililala siku hiyo bila kula, jambo ambalo lilimfanya Bibi anishike kipaji kuona kama homa imerudi.

Ikaja Alhamisi. Tulikusanya vitu vyetu, tukasimama. Mwalimu Mhina akaenda mlangoni na rula yake, akatutazama mmoja mmoja, uso mkavu. “Leo,” akasema, “nimegeuza. Atakayejibu, atabaki na mimi. Asiyejua, aende zake nyumbani.”

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Kwanza kila mtu alilipindua jambo hilo kichwani kuona mtego uko wapi. Wa kwanza kunyooshewa rula alikuwa Bakari, mfalme wetu wa hesabu, ambaye mwaka mzima alikuwa wa kwanza kutoka na aliyejivunia kujibu kabla swali halijafika mwisho. Aliulizwa mbili mara mbili. Tuliuona uso wake ukipigana: heshima upande mmoja, ufukwe upande wa pili. “Tano, mwalimu!” akapiga kelele, na akawa amekwisha kufika uwanjani.

“Pole,” alisema Mwalimu Mhina nyuma yake. “Mwingine.”

Sijawahi kuona watu wakikosa kwa furaha namna ile. Tatu mara tatu ikawa mia. Tano mara kumi haikujulikana na mtu. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye bidii, alijibu sawa kwa mazoea, akagundua, akaziba mdomo kwa mikono miwili na kuomba aulizwe nyingine. Mwalimu alikubali. Kila aliyekosa alipewa pole, akatoka anaruka, na huko nje hapakuwa na wimbo, kwa kuwa hakuna aliyejua sasa achekwe nani.

Rula ikanijia. Saba mara nane. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikaligeuza huku na huku kama ubuyu. Saumu alikuwa kushoto kwangu, hajanitazama. Nilitamani kubaki kwa ajili yake, na nilitamani kutoka kwa ajili ya kamba ambayo nilijua inazungushwa sasa hivi nyuma ya duka la Mpemba, na mwisho nikaona kwamba mimi nikibaki kitabu kitarudi mbele yangu. “Sijui, mwalimu,” nikasema. Akanipa pole. Nikafika mlangoni, miguu ikakataa kwenda mbali, nikajibanza ukutani kwenye matofali ya matundu.

Mama yake Saumu alikuwa pale. Alikuwa amekuja kama alivyosema, kanga imefungwa kikazi, na kwa sababu alifika kabla ya kengele alikuwa amesimama kivulini anangoja. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa kichwa, maana ndani rula ilikuwa imefika kwa bintiye.

“Tatu mara nne, Saumu?”

Kimya. Tulikuwa tunakijua kimya hicho, mimi, mwalimu na darasa zima. Nikafumba macho. Akinyamaza leo, nilijiambia, ataachiwa aende nyumbani na jedwali lake kichwani, na mwakani atakuwa darasa la nne, na hakuna mtu atakayeniamini mimi tena, wala yeye.

“Kumi na mbili,” alisema Saumu.

“Sita mara tisa?”

“Hamsini na nne.”

“Nane mara saba? Tisa mara tisa? Kumi na moja mara kumi na mbili?”

Alijibu. Alijibu rula ikiwa bado hewani. Sauti yake, ambayo hatukuwahi kuisikia ikijaza darasa, ilitoka kwenye yale matundu wazi na kavu, na mwalimu alimwuliza mpaka akaishiwa, akaanza kurudia aliyokwisha kuuliza. Mama yake hakujua majibu kama ni sahihi. Lakini alikuwa mfanyabiashara. Anajua mtu anayebahatisha na mtu anayejua. Alisikiliza kichwa amekiinamisha vile vile kama anavyokiinamisha Saumu, na hapo ndipo nilipoona mtoto alikuwa ameitoa wapi tabia hiyo.

Mwishowe Mwalimu Mhina akasema, “Kaa chini. Umebaki.” Tukasikia mlango wa kabati ukilia, kisha kurasa.

Mama yake Saumu alisogea mpaka kwenye matundu akachungulia. Sikujua atafanya nini. Nilijiweka tayari kwa kelele. Alichungulia muda mrefu. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanigeukia mimi kwa ukali, kana kwamba ni mimi niliyemliza. “Mwambie asipitilize magharibi,” akasema, akaenda zake kuchota maji.

Saumu alivuka na sisi kwenda darasa la tano, na mwalimu, tangu siku hiyo mpaka mwaka ulipokwisha, alirudisha sheria yake ya zamani lakini akaiongezea kipengele: mtu akijibu, anachagua. Wengi tulichagua kamba na ufukwe. Saumu alichagua dawati, na polepole akapata wenzake wawili watatu. Wimbo wa langoni ukafa wenyewe.

Siku hizi nakaa Usagara, na mwanangu yuko darasa la nne. Ana kitabu chake cha Kiswahili, chake peke yake, kimejalidiwa na nailoni, na dawati lake ni la watu wawili. Jedwali ameliweka kwenye simu yangu, linamwimbia na kumpigia makofi akipatia. Bajaji humfuata langoni kengele ikilia tu, na mwalimu wake huondoka kabla ya bajaji. Sitasema zamani ilikuwa bora, maana nakumbuka viwiko, na nakumbuka wale wavulana wawili waliolaza vichwa ambao hakuna aliyewauliza walikuwa na shida gani. Ila nikimtazama mwanangu akifunua kurasa zile mbili pana, mbio mbio, televisheni ikisema na mimi nikisema, huwa najiuliza kama aliwahi hata siku moja kukisoma kitabu hicho mahali penye kimya.

Saumu ni fundi cherehani. Ana duka Ngamiani, si mbali na baraza alilokuwa akikaangia mama yake, na amejenga nyumba nje kidogo ya mji. Nilikwenda kumtembelea hivi karibuni, alasiri ya Alhamisi, nikamkuta uani anasukuma chapati, watoto wa mtaa mzima wanaruka kamba mbele ya nyumba, kelele juu. Niliwaangalia wote nikamkosa binti yake mkubwa, yule aliyepewa jina langu. Nikamuuliza Zuhura mdogo yuko wapi, mbona simwoni na wenzake, kaadhibiwa?

Saumu alinyoosha mti wa chapati kuelekea chumba cha mwisho, ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa. Ndani ya chumba kile, nilijua, kuna meza moja, kiti kimoja, na dirisha. Uso wake ulikunjuka taratibu, akashusha sauti ili isifike kule mlangoni.

“Kabaki,” akasema.